Nanga haishiki kwa uzito: maneno niliyowaambia mafinaliste wetu hapa Goma

Jambo kwenu wote, ba mama na ba papa, walimu wenzangu, na ninyi watoto wetu mafinaliste, wa mwaka wa mwisho wa sekondari. Haya maneno niliyasema siku ya posho, Jumamosi, ku sale ya paroasi, wengi mlibaki nje juu sale ilijaa na mikro ilikuwa inakatika, mkaniomba niyaandike, njo haya. Nimeyaacha sawa vile nilivyoyasema, nimeongeza tu fasi mbili tatu ambazo sauti haikufika nyuma.

Walionialika waliniambia, mwalimu, wewe tupe maneno juu ya nanga, padri ameshasema ya imani na prefe, mkuu wa shule, ameshasema ya diploma. Nikakubali haraka, juu nanga nimeishika kwa mikono, nilikuwa mekanisie ku maboti ya Goma na Bukavu mbele ya kuingia darasani kufundisha fizika. Na hii kitu watu wanaitaja kila siku, ku mahubiri, ku nyimbo za korali, ku redio, ku magazeti, lakini wengi hawajawahi kuona inavyofanya kazi kule chini. Mimi naona hivi, mtu asipojua chuma kinashika vipi, hata ile nanga ya roho anayoimba kila dimanche ataielewa kombo.

Tuanze na chuma basi. Ukimuuliza mtoto hapa nanga inazuiaje boti, atakujibu ni uzito, kitu kizito kinatupwa majini, boti inabaki. Watu wazima nao wengi wanafikiri vile. Sasa sikieni. Nanga kubwa ya Titanic, ile ya katikati, ilitengenezwa Netherton huko Uingereza mwaka 1911, ilikuwa na tani 15 na nusu hivi, wakafunga farasi 20 kusudi waivute itoke kiwandani. Ukisikia tani 15 unashtuka. Lakini meli yenyewe ilikuwa na uzito wa kama tani 52,000. Pigeni hesabu, meli inaishinda ile nanga zaidi ya mara 3,000. Kama kazi ingekuwa ni uzito peke yake, upepo wa asubuhi tu ungebeba meli na nanga yake nyuma kama mbuzi anayekimbia na kamba shingoni.

Kinachoshika ni vitu vingine. Nanga ina makucha. Ikifika chini inalala ubavu, boti ikirudi nyuma kidogo inaivuta, makucha yanachimba ku mchanga ama ku matope, na kadiri inavyovutwa njo inavyozama zaidi. Nanga nzuri ku udongo mzuri inaweza kushika mara kumi na zaidi ya uzito wake. Lakini hapo kuna sharti moja, na hili njo nililoliandika kubwa ku ubao, nalirudia: nanga lazima ivutwe kwa kulala, isivutwe kwenda juu. Ukiivuta kwenda juu inatoka, hata mtoto anaitoa. Njo maana ku meli kubwa wanaachia mnyororo mrefu sana, ule mnyororo wenyewe unalala chini, unafanya mvuto uje kwa ubavu, na wimbi likipiga mnyororo unanyanyuka pole pole na kurudi, ile nguvu ya wimbi inaishia humo, haifiki ku makucha. Watu wa maboti madogo ya kamba wana kanuni yao, urefu wa kamba uwe mara tano mpaka mara saba ya kina cha maji. Maji mita 10, kamba mita 50 mpaka 70. Mwenye kamba ya mita 12 ku maji ya mita 10 atasema ametia nanga, na ukweli nanga imefika chini kabisa, lakini wimbi la kwanza likimnyanyua tu, imetoka.

Wengi sale nzima mlicheka niliposema hivi, lakini mimi nasema kwa moyo wote, watu wengi ninaowajua hapa mjini shida yao haikuwa kukosa nanga. Shida ilikuwa kamba fupi. Baba anampenda mtoto wake, anamfunga karibu sana, hataki aende hata Bukavu kuona shangazi yake, na siku dunia inamtikisa yule mtoto kidogo tu, anang'oka.

Sasa tuangalie ziwa letu. Kivu fasi yake ya kina kirefu inafika mita 480 na kitu. Ukitaka kutia nanga pale katikati kwa ile kanuni ya mara tano, unahitaji kamba inayokaribia kilometa mbili na nusu hivi, ukitaka mara saba ni zaidi ya kilometa tatu. Nani anazo? Hakuna. Kwa hiyo kati ya hapa na kisiwa cha Idjwi kapitene hana nanga, ana moteri, mazuti na akili yake. Nanga inafanya kazi karibu na ukingo, ku Kituku, ku Minova, ku vighuba vya Idjwi, na hata huko lazima ujue chini kuna nini, juu upande wetu huu wa Goma lava imeingia mpaka majini, na ku mwamba makucha hayachimbi, yanateleza, ama yanaingia ku ufa yanakwama moja kwa moja na unaacha nanga yako humo. Wavuvi wazee wanajua, kila mmoja ana fasi yake anayoijua kwa kuangalia mti fulani na paa ya nyumba fulani. Ile elimu haiko ku kitabu chochote, na ningependa sana mmoja wenu aende kuiandika wakati wazee bado wapo.

Tena wavuvi wengi hawana chuma, wanatumia jiwe. Ni nanga ya zamani kuliko zote, huko Kilwa kumepatikana nanga za mawe za watu waliosafiri bahari ya Hindi karne nyingi zilizopita, kwa hiyo kijana wa Keshero anayefunga jiwe ku kamba asione haya hata kidogo. Ila awe anajua fizika yake. Jiwe gumu la kilo 20 likiingia majini linabaki kama lina kilo 13 tu, juu maji yanalibeba. Chuma cha kilo 20 kinabaki na kilo 17 na kitu. Na yale mawe yetu ya volkano yenye matundu, hewa iliyofungwa humo ndani inalibeba jiwe zaidi, unaona jiwe kubwa, limekuchosha kulibeba toka nyumbani, kumbe chini halina kazi. Nilileta mawe mawili pale mbele na beseni la maji na mzani, nikapima, watoto wakaona kwa macho. Lile lililokuwa linaonekana kubwa njo lililoshindwa. Hapo sikuwa na haja ya kuongeza neno.

Haya, sasa tuingie ku ile nanga nyingine, ya maneno.

Kiswahili chetu kinasema kutia nanga, kupiga nanga, kung'oa nanga. Mtu aliyetembea miji mingi halafu akaoa Goma akajenga, tunasema huyu ametia nanga. Wenzetu wa Kenya ku magazeti yao wanaandika mashindano yameng'oa nanga, maana yake yameanza. Neno lenyewe wajuzi wanasema lilitoka Kiajemi, langar, likaletwa na mabaharia wa pwani, likapanda na misafara mpaka huku kwetu milimani ambapo bahari hatuioni. Na hapa likakuta jina lingine karibu sawa, inanga, ile ala ya nyuzi ya wazee, ya Rwanda na Burundi, hazina uhusiano lakini bibi mmoja pale mbele aliniuliza kama nitaimba, na nilifurahi, juu inaonyesha inanga bado haijasahaulika.

Wakristo hii nanga wanaijua toka Waebrania sura ya 6, tumaini ni nanga ya roho. Waamini wa kwanza kule Roma waliichora ku kuta za makaburi ya chini ya ardhi, catacombs, wakati ambapo kuonyesha msalaba hadharani kulikuwa na hatari, na ukiangalia ule mchoro msalaba umo ndani ya nanga, ile fimbo ya juu inakatiza shina. Lakini mahubiri mengi yanaishia hapo, yanasema nanga ni tumaini, amina, tunakaa. Mimi nawaomba mwende msome Matendo ya Mitume sura ya 27 taratibu, sawa vile mekanisie anavyosoma, juu pale nanga ziko kweli, za kweli kabisa, na zina maneno makali sana.

Paulo ni mfungwa, yuko ndani ya meli ya ngano inayoenda Italia, watu wote pamoja ni 276. Dhoruba imewapiga, jua hawalioni, nyota hawazioni. Usiku wa 14 mabaharia wanahisi nchi kavu iko karibu. Wanapima kina, pima 20. Wanasonga kidogo, wanapima tena, pima 15. Wanaogopa miamba, wanatupa nanga nne upande wa nyuma, halafu wanaomba kuche. Angalieni hapo, hawakutupa nanga katikati ya dhoruba kule kwenye kilindi, wangetupa wapi? Wamepima kwanza. Wamejua chini iko mita ngapi. Na nne, si moja.

Halafu inakuja ile fasi ambayo mimi kila nikiisoma nasimama. Baadhi ya mabaharia wanataka kutoroka. Wanashusha ule mtumbwi mdogo wa meli, na wakiulizwa wanasema tunaenda kutupa nanga za mbele. Unasikia? Wanakimbia, na kisingizio chao ni nanga. Paulo akamwambia akida, hawa wasipobaki ndani ya meli, ninyi hamuwezi kuokoka, na askari wakakata kamba za ule mtumbwi wakauacha uanguke. Mimi nimeishi hapa Kivu miaka yangu yote, na nimesikia watu wengi wakituambia tunaenda kuwatilia nanga, tunaenda kuwatetea, tunaenda kuleta amani, tupeni ule mtumbwi. Sitaji mtu. Lakini ninyi vijana jifunzeni kuangalia mikono ya mtu anayesema neno nanga, anashusha nini majini, nanga ama mtumbwi wake mwenyewe?

Asubuhi yake, mnajua walifanya nini na zile nanga nne? Walizikata. Wakaziacha baharini, wakapandisha tanga, wakaelekeza meli ku pwani, meli ikavunjika, watu wote 276 wakafika nchi kavu wazima, kisiwa ni Malta. Zile nanga kazi yao ilikuwa ya usiku mmoja. Nitarudi ku jambo hili mwishoni juu binti mmoja aliniuliza swali lake hasa.

Goma inajua hii habari kwa mwili. Tarehe 17 Januari 2002 volkano yetu ya Nyiragongo ilipasuka, lava ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya kiwanja cha ndege, ikaingia ziwani, watu mamia ya maelfu wakavuka mpaka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda. Siku chache tu watu wakaanza kurudi, lava bado ni moto, wanatembea juu yake na viatu vinaungua soli, wanatafuta ilipokuwa parcelle yao, kiwanja chao. Wageni walishangaa, waliandika kwamba watu wa Goma hawaogopi ama hawana akili. Tarehe 22 Mei 2021 ikapasuka tena, lava safari hii ikasimama karibu na mji, halafu tarehe 27 serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihame, watu wakaenda Sake, Minova, Bukavu, Rwanda. Na tena wakarudi.

Nini kiliwarudisha? Si nyumba, nyumba nyingi za 2002 ziliungua hazikubaki hata bati. Wengi hawakuwa na kitu cha kurudia ambacho jicho linaona. Mimi nafikiri sana juu ya hili. Walirudi juu ya ile likelemba, mchango wa kupokeana kwa zamu, ambayo zamu yao ilikuwa bado, mama Fulani alikuwa amekula zamu yake na anadaiwa na yeye mwenyewe anataka kulipa. Walirudi juu ya korali, juu ya jirani anayeshika ufunguo, juu ya wafu wao, juu ya mteja ku soko la Virunga anayejua unga wao ni safi. Hivi vitu viko chini, havionekani ku picha ya satelite, na njo vilivyoshika. Na walikuwa na kamba ndefu, walijua kwenda Gisenyi kulala kwa mtu wanayemjua, wakajua na kurudi. Leo ba mama wako na AVEC zao, vikundi vya kuweka na kukopeshana, wanaweka faranga kidogo kila wiki ndani ya kasha lenye vifuli vitatu, na kila funguo iko kwa mtu wake. Kijana anaona ni vikao vya ba mama vya kupoteza muda. Hapana mwanangu. Nenda ukae pale nyuma siku moja usikilize wanavyohesabu kwa sauti mbele ya wote, utaelewa kwa nini ile kitu haijang'oka wakati mambo makubwa yenye majengo yamefunga milango.

Lakini nisiwadanganye, nanga inaweza pia kushika fasi mbaya. Akili ina nanga zake na nyingine mtu hakuzichagua. Mwaka 1974 wataalamu wawili, Amos Tversky na Daniel Kahneman, walichapisha jaribio moja ambalo napenda kulifundisha. Walikuwa na gurudumu la bahati lenye namba toka 0 mpaka 100, lakini walilitengeneza lisimame tu ku 10 ama ku 65. Mtu analiona linazunguka, linasimama, halafu anaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya nchi za Umoja wa Mataifa. Gurudumu halihusiani kabisa na swali, kila mtu analiona ni mchezo. Lakini wale walioona 10 jibu lao la katikati lilikuwa 25, na wale walioona 65 likawa 45. Namba ya bure iliwafunga. Hii wanaiita nanga pia, namba ya kwanza inachimba ku akili, na wewe unazungukia pale pale ukifikiri unajitegemea.

Nendeni Birere mkaone. Dada anashika kikwembe, kitenge, anauliza, mama, hii ni ngapi? Mama anasema, hiyo ni ya mzuri sana mwanangu, dola 40. Dada anashtuka, anasema hapana mama, fanya 30. Wanavutana, wanafika 32, dada anaenda nyumbani na furaha, amepunguziwa 8. Kumbe duka la pili kile kile kinaachiwa 20. Yule mama hakuiba, soko njo soko, ameshusha tu namba yake wa kwanza. Dawa yake mimi naijua moja, mbele ya kuingia sokoni uliza jirani aliyenunua wiki hii, andika bei yako ku karatasi, na wewe njo useme wa kwanza.

Hiyo ya kikwembe ni dola 12 tu. Ile inayonisumbua usiku ni ya watoto. Mtoto wa miaka 12 anapata bulletin ya kwanza, asilimia 43, mwalimu anasema mbele ya wenzake, huyu hesabu hawezi. Ile 43 inatia nanga ku kichwa cha mwalimu, ku kichwa cha baba yake, na mbaya zaidi ku kichwa cha mtoto mwenyewe. Mwaka unaofuata anapata 60, watu wanasema amebahatisha. Anapata 65, wanasema nani alimsaidia. Wanahesabu kila kitu toka pale pa 43. Walimu wenzangu mlio hapa, tafadhali, nawaomba kama ndugu, ile namba ya kwanza msiisome kwa sauti. Na ninyi mafinaliste, kama kuna mtu aliwatupia namba mkiwa wadogo, ama jina, mjinga, maskini, mkimbizi, mtoto wa barabarani, ile ni namba ya gurudumu. Haihusiani na swali.

Kuna na nanga inayoburuzwa. Februari 2012, kule Mombasa, meli moja ilitupa nanga fasi iliyokatazwa, ikakata kebo ya TEAMS, ile inayoleta intaneti Afrika ya Mashariki chini ya bahari. Februari 2024, ku bahari ya Shamu, meli Rubymar ilipigwa kombora, mabaharia wakaiacha, ikaelea wiki nzima na zaidi huku nanga iko chini inachana, na wachunguzi wanaamini ile nanga njo iliyokata kebo tatu za intaneti. Hakuna aliyekuwa ku usukani. Nikiangalia baadhi ya vinyongo tunavyorithishana, nyumba hii na nyumba ile, kabila hili na lile, waliovianzisha walishatoka ndani ya meli zamani, wengine wamekufa, lakini nanga bado inatembea chini na inakata vitu vya watu ambao hata hawajui ugomvi ulianza wapi.

Na hapa lazima niseme jambo moja la majonzi, msinikasirikie. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi ilitoka Minova, ikazama pale Kituku, mita chache tu toka ukingoni, watu wamesimama nchi kavu wanaona. Wengi hapa mlifiwa. Nanga haiokoi boti iliyojazwa kupita kiasi. Narudia kama mtu aliyefanya kazi huko, hakuna nanga, hakuna maombi ya kapitene, hakuna moteri mpya inayosahihisha boti iliyobeba watu na mihogo na mafuta kuliko uwezo wake. Barabara ilikuwa imefungwa na vita, watu walikuwa hawana njia, nalijua hilo. Ila ukiona mstari wa rangi ku ubavu wa boti umeshaingia majini, shuka, hata ukichekwa na watu, hata tikiti ipotee. Na uvae gile, lile koti la kuelea, toka ukingoni, usiikalie.

Sasa lile swali. Binti wa sekta ya komersiali alisimama akasema, mwalimu, mimi nikipata diploma naenda Kampala kwa mjomba kusoma, sasa nakuwa nimekata nanga? Sale ikanyamaza, juu wengi walikuwa na swali hilo hilo ndani.

Nilimjibu kama mekanisie. Nanga iliyochimba vizuri haitolewi kwa kuivuta toka mbali, utakata kamba ama utavunja pua ya boti. Kapitene anasogeza boti mbele pole pole, mtu mmoja anakusanya kamba inayolegea, mpaka boti iwe juu kabisa ya nanga na kamba imesimama wima. Hapo mvuto unaenda juu, makucha yanaachia yenyewe, unapandisha nanga ndani ya boti na unaondoka nayo. Kwa hiyo binti yangu, mbele ya Kampala, sogea. Nenda kijijini ukakae na bibi yako siku zaidi ya mbili. Lipa likelemba yako, usiondoke na zamu ya watu. Kama kuna mliyekosana, mkalie chini muongee. Umwambie mwalimu wako kwaheri kwa mdomo, siyo kwa ujumbe wa simu. Ukishafanya hivyo hautakuwa umekata chochote, utaondoka nayo, na utaitupa huko Kampala ku fasi utakayoipima mwenyewe.

Akakaa. Halafu kijana mmoja nyuma, sikumwona uso, akasema, na sisi ambao hatukupata muda wa kusogea? Tulitoka usiku, risasi zinalia. Wengi humu mmetoka Masisi, Rutshuru, wengine mlihama mara nyingi mno.

Hilo nalo lina jibu lake la majini. Dhoruba ikija ghafla na hakuna muda wa kupandisha, kapitene anakata kamba. Ana haki, watu kwanza, hata wale wa Paulo walikata. Lakini kapitene mwenye akili, kama ana nusu dakika, anafunga bidoni tupu ku ile kamba mbele ya kuiachia, kusudi ielee, kusudi siku maji yakitulia arudi aione. Nanga yako haijapotea mwanangu, iko pale pale chini. Funga bidoni. Andika majina ya babu zako wote unaowajua, andika jina la kilima na la mto na nani alipakana na nani, leo, usingoje. Namba ya simu ya jirani mmoja wa kule uiweke ku karatasi, siyo ku simu peke yake. Sema kinyumbani na wadogo zako jioni hata kama wanakujibu kwa Kiswahili. Na wewe mwenye kukaa Goma toka kuzaliwa, unayempangisha huyu kijana chumba, usimuulize kila mwezi atarudi kwao lini.

Basi, hayo njo niliyosema. Kwa wale wa mekanik, siku ya kwanza, Jumatatu, saa mbili asubuhi tutakuwa ku atelie, tutachomelea nanga ya makucha manne kwa vyuma vya beto, kamba ya mita 60 ipo tayari, na mvuvi mmoja amekubali tuijaribu ku pirogi yake kwenye maji ya mita 10. Tutaanza na kamba mita 12, halafu 30, halafu 60, na kila mara tutapima inavyoshika. Wa sekta zingine mnakaribishwa, mje na gile.